Wa Kwanza Aliyehama

Toledo, 2 Julai

Harrowgate wamenikubali nihamie kwao. Barua pepe iliingia nikiwa kwenye duka la mashine za kufulia, nangoja mashuka ya baba yakauke. Niliisoma mara mbili, kisha nikamsomea mama mmoja aliyekuwa akikunja soksi pembeni yangu.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Ni hospitali?"

"Ni chuo cha sheria, mama. Chicago. Kile chenye minara."

"Basi si mbaya," akasema, akarudi kwenye soksi zake.

Baba ameichukulia kwa uzito zaidi. Ameshapiga simu parokiani.

3 Julai

Joto. Baba amemwambia mpaka muuza soseji.

6 Julai

Niandike hili sasa, nisije baadaye kujidai nilikuwa na sababu za heshima zaidi.

Miaka saba nilikaa mapokezi ya hoteli hapa Toledo. Mawakili wa Brackett Voss walikuwa wakishukia kwetu kila walipokuwa na kesi mjini. Niliwatazama wanavyoweka mkoba chini bila kuangalia wanauweka wapi, kana kwamba sakafu ya nchi nzima imeshapigwa deki kwa ajili yao. Mmoja aliniita "binti wa funguo" miaka miwili mfululizo, nami nina kibandiko cha jina kifuani. Siku moja nikajiambia: hawa hawanishindi akili, wananishinda viti. Nikaingia chuo cha sheria cha Maumee, hapa hapa Toledo, nikiwa mkubwa kuliko nusu ya darasa, na mwaka wa kwanza nikamaliza wa kwanza.

Sasa nataka Brackett Voss. Sitaki kampuni nyingine, wala sitaki kutetea wanyonge. Wanyonge nimewapa funguo za vyumba miaka saba, wananitosha. Kampuni hizi huchukua wanafunzi kwa kazi ya majaribio kiangazi cha mwaka wa pili, huwateua tangu vuli inayotangulia, na wakikuchukua kiangazi, ndio wamekuchukua. Kwa hiyo mambo yote yataamuliwa kabla theluji haijaanguka.

9 Julai

Profesa Ostrander ameniita ofisini. Ndiye aliyetufundisha mikataba: mrefu, sweta moja mwaka mzima, hata leo ambapo lami inayeyuka.

"Kaa, Halina."

"Nitasimama tu, Profesa. Nimeegesha gari vibaya." (Gari sikuja nalo.)

"Usiende Harrowgate," akasema.

Nilingoja. Mapokezi hufundisha kungoja. Mtu akishamaliza la kwanza, la kweli hufuata.

"Brackett Voss huja hapa kila Septemba," akaendelea. "Humchukua mmoja, wa kwanza wa darasa. Marehemu Voss alisoma hapa jioni, mchana akifunga mabehewa relini. Kabla hajafa aliwaachia wenzake neno: kila mwaka mmoja kutoka Maumee. Hawajawahi kulivunja."

"Mwaka juzi hawakuja."

Akavua miwani, akaifuta kwa sweta. "Mwaka juzi hawakuchukua mtu popote."

"Na neno hilo limeandikwa mahali?"

"Halijaandikwa. Ni mazoea yao."

"Profesa, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha ahadi ya mdomo inavyochanwa mahakamani."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepigwa kwa fimbo aliyoichonga mwenyewe. Akasema, "Hebu fikiri."

Nimefikiri. Kila mwaka walio bora wanahama, matokeo ya mtihani wa uwakili ya chuo yanashuka, mkuu wa chuo ananuna, maprofesa wanakosa nyongeza. Namjua mtu anayetaka uongeze usiku mmoja hotelini. Huwa na sauti hiyohiyo ya kukuhurumia.

Halafu, kutoka Harrowgate, Brackett Voss huchukua watu kumi na tano. Maumee mmoja. Mtoto wa chekechea anaweza kuchagua.

19 Julai

Marvella Stubblefield amenipikia chakula cha kuniaga. Alikuwa wa pili darasani. Ana miaka arobaini na kitu, alikuwa muuguzi, na husoma kila kesi kwa sauti, neno kwa neno, kama anayemsomea mgonjwa kiziwi. Mwaka mzima nilikaa naye maktaba huku nikitafuta viziba masikio. Ni mtu mwema, ila akili yake hutembea kwa miguu.

"Kwa hiyo dada yangu, unatukimbia," akasema, ananijazia sahani makaroni.

"Nakuachia kiti cha kwanza, dada Marvella. Kitunze."

"Mimi na makalio haya? Kitanijua chenyewe."

Tukacheka. Nikamsimulia jinsi Ostrander alivyojaribu kunizuia na hadithi yake ya mzee wa mabehewa. Marvella hakucheka.

"Yule baba hajui kudanganya," akasema. "Hata alama mbaya anakupa kwa kuomba radhi."

"Kila mtu anajua kudanganya. Wengine hawajapata la kudanganyia tu."

"Mh," akasema Marvella, akaongeza makaroni.

Chicago, 4 Agosti

Nimefika. Harrowgate ina minara mitatu na nyasi ambazo hakuna anayezikanyaga.

Nakaa nyumba moja na wahamiaji wenzangu, wanafunzi waliotoka vyuo vingine kama mimi. Chumba cha jirani yupo Whit Langford, ametoka chuo kimoja Indiana, mweupe wa meno, ana baiskeli ya bei ya gari langu. Ananiita "mwanasheria".

"Mambo, mwanasheria! Wewe umetoroka wapi?"

"Toledo."

"Pole sana."

"Na wewe?"

"Indiana."

"Basi pole ni ya wote."

Nimempenda kidogo. Nitajirekebisha.

5 Agosti

Nimeshona kifungo cha koti la usaili. Joto.

8 Agosti

Wahamiaji tumeitwa na ofisi ya ajira. Bibi mmoja mwenye mkufu wa lulu alitukaribisha kwa maneno mazuri mengi. Nilianza kuogopa lilipofika la nne.

Mambo yenyewe ni haya. Harrowgate haipangi wanafunzi kwa nafasi, inatoa alama tu. Sisi alama za hapa hatuna mpaka Januari. Nafasi tulizokuwa nazo tulikotoka ni za huko huko.

"Naweza kuandika kwamba nilikuwa wa kwanza?" nikauliza.

"Unaweza, mpenzi. Ila ujue wataiona kama… ya huko."

"Na wasaili watatupima kwa nini?"

"Kwa ninyi wenyewe!" akasema, akafungua mikono kama anayetoa zawadi.

Whit aliminya mdomo, akatazama dari. Nilidhani ana wasiwasi kama mimi.

Kwa hiyo hali yangu ni hii: nilikuwa wa kwanza, na sasa si wa kwanza, si wa mwisho, si wa katikati. Nimeshaona wageni wa namna hiyo. Wanafika usiku, chumba kimelipiwa, jina halimo kwenye kompyuta. Unawaambia wakae pale kwenye kochi.

9 Agosti

Baba amepiga. Anauliza Brackett Voss wana bendera au nembo, anataka kuwachorea wenzake anaocheza nao boling. Nimemwambia angoje.

14 Agosti

Wiki ya usaili imeanza, na nitaandika kirefu kwa sababu sijawahi kuona wasomi wakifanya jambo la kipuuzi namna hii kwa uso mkavu.

Usaili wote unafanyika hotelini. Kampuni zinakodi vyumba vya kulala, wanaondoa kitanda, wakishindwa wanakisimamisha ukutani na kukifunika shuka. Ghorofa nne za korido zimejaa vijana wenye koti jeusi, kila mmoja mbele ya mlango, anangoja dakika ifike agonge. Ikifika, korido nzima inagonga kwa pamoja. Mtu asiyejua angedhani hoteli inavamiwa na polisi wenye adabu.

Wenzangu walikuwa wanatetemeka. Mimi nilikuwa nyumbani. Nilijua zulia lile limewekwa kuficha nini, nilijua mhudumu yupi amechoka. Nilimsaidia mmoja kusukuma toroli lake, akanionjesha habari: chumba cha Brackett Voss wana keki za malimau hawazigusi, na mama aliyemo anaumwa mgongo, ameomba mto.

Ndani alikuwa Corliss Haine, mkuu wa kamati ya kuajiri. Mvi fupi, viatu amevua chini ya meza. Wasifu wangu ulikuwa mbele yake.

"Maumee," akasema, akanitazama upya.

"Ndiyo, mama. Nilikuwa wa kwanza."

"Naona." Akageuza karatasi. "Kabla ya hapo?"

"Mapokezi. Hoteli mliyokuwa mkishukia Toledo."

"Ile yenye lifti inayolia?"

"Ililia kwa ajili yenu tu. Wageni wengine walipanda ngazi."

Alicheka mpaka akashika mgongo. Nilisimama, nikatoa mto kabatini, nikaukunja jinsi tunavyowakunjia wazee, nikamwekea. Alinitazama kama mtu aliyekuwa akiungoja mto huo tangu Jumatatu.

"Halina Dudek," akasema wakati wa kuagana, na jina langu alilitamka sawasawa, "tutaonana tena."

Kampuni nyingine zote za leo ziliniuliza kwa nini nilihama. Yeye hakuuliza. Nilitoka nikidhani hiyo ni heshima.

16 Agosti

Kampuni tisa. Sita zimeuliza kwa nini sina alama. Nimekula keki za malimau tatu.

22 Agosti

Brackett Voss wameniita ofisini kwao Septemba! Nimewaambia watu wawili tu, baba na Whit. Kumwambia baba maana yake nimeiambia Ohio nzima.

30 Agosti

Leo nimegundua kwa nini Whit haendi usaili wowote.

Nilimkuta jikoni akikaanga mayai, nikamuuliza anasubiri nini, viti vinaisha.

"Mimi nilishapata, mwanasheria. Juni."

"Juni gani? Juni ulikuwa Indiana."

"Ndiyo, nikiwa Indiana. Kampuni kubwa siku hizi hazingoji Agosti. Niliwaandikia mapema, wakanisaili kwa video, wakanichukua. Hii wiki ya hotelini ni ya kugawana makombo, hukuambiwa?"

"Sasa umehama ya nini?"

Aligeuza yai. "Mama anataka picha ya mahafali yenye mnara nyuma."

Nikawauliza na wengine. Tuko wahamiaji kumi na mmoja nyumbani humu. Wanne wana kazi, na wote wanne walizipata kabla ya kuhama. Kuhama kunasaidia sana, kumbe, mradi uwe huhitaji msaada.

Nilikula nusu ya mayai yake bila kuomba.

11 Septemba

Ofisi za Brackett Voss. Nilizungushwa kwa mawakili watano, nikalishwa samaki. Niliweka mkoba chini bila kuangalia. Ukaangukia kiatu cha mtu, lakini niliuweka.

Corliss Haine alinipitia mlangoni, akanishika bega.

15 Septemba

Hakuna.

16 Septemba

Mvua. Hakuna.

19 Septemba

Baba ananunua koti la kuja kunitembelea "kazini". Nimeshindwa kumkataza.

23 Septemba

Corliss Haine amepiga mwenyewe. Kwa kawaida ni barua pepe ya mistari mitatu, kwa hiyo niliposikia sauti yake moyo uliruka. Uliruka bure.

"Halina, sitakuzungusha. Kamati imekataa."

"Nilikosea wapi, mama?"

"Hukukosea popote. Kwa wanafunzi wa Harrowgate tunapiga mstari kwenye alama. Aliye juu ya mstari anajadiliwa, aliye chini hajadiliwi. Wewe huna alama za kuwekwa juu wala chini. Nilibishana nao saa nzima."

"Lakini nina za Maumee."

"Maumee tuna utaratibu wake." Nilimsikia akivuta pumzi. "Tunamchukua wa kwanza wao kila mwaka. Hatuna kamati wala mstari. Ni neno la Voss mzee. Wiki ijayo nakwenda huko."

"Wa kwanza wa Maumee ni mimi."

"Ulikuwa."

Nilisikia kiti chake kikilia.

"Ndiyo maana nimepiga mwenyewe," akasema. "Nilipouona wasifu wako pale hotelini, nilitaka kukuuliza ni nani aliyekushauri. Halafu ukaniletea mto, nikashindwa."

Nikamshukuru. Miaka saba ya mapokezi, mtu akikutukana unamtakia usiku mwema. Na huyu wala hakunitukana.

Nimekaa kitandani nikipiga hesabu upya. Viti kumi na tano, kiti kimoja. Ile ya chekechea. Nilichosahau ni kwamba vile kumi na tano vilikuwa vya watu wengine, na kile kimoja kilikuwa na jina langu. Na kabla sijakilaumu chuo, na bibi wa lulu, na Whit na mayai yake: niliambiwa. Mtu aliniambia waziwazi, amevaa sweta lake katika joto la Julai, nami nikaona ujanja. Nimejivunia maisha yangu yote kwamba najua nani ananidanganya. Hakuna siku hata moja niliyojifunza kumtambua anayesema kweli.

24 Septemba

Sikutoka.

27 Septemba

Marvella amepiga mara mbili. Sikupokea. Najua anataka nini.

28 Septemba

Nimepokea.

"Dada yangu, nimeitwa usaili! Hao hao Brackett Voss wako. Nasikia unawajua. Nifanyeje?"

Nitaandika kilichonipitia: nilifikiria kumwambia avae manukato makali. Nilifikiria kumwambia Haine anapenda watu wanaoongea sana. Marvella angeamini. Marvella huamini hata utabiri wa hali ya hewa.

"Halina? Umelala?"

"Nipo. Anaumwa mgongo," nikasema. "Mpe kiti kigumu, si kochi. Anapenda mtu ajibu kifupi. Usimsomee chochote kwa sauti."

"He! Hiyo ya mwisho ngumu."

"Jikaze."

"Na wewe? Umeshapata huko? Mbona hunipi habari?"

"Naendelea," nikasema.

Marvella alikuwa muuguzi miaka kumi na minane. Anajua mtu anaposema hapaumi.

"Haya, dada," akasema pole pole. "Kula lakini."

3 Oktoba

Marvella amechukuliwa.

Ameniambia yeye mwenyewe, hakutaka nisikie kwa watu. Na amenieleza hivi. Haine alimuuliza, "Wewe ndiye wa kwanza wa Maumee?" Marvella akajibu, "Hapana, mama, mimi ni wa pili. Wa kwanza mnaye Chicago, mnapita mlangoni kwake kila siku."

"Akasemaje?" nikauliza.

"Alitazama dirishani kidogo. Halafu akasema, 'Najua.' Akanipa mkono."

Nilimpongeza. Nililisema neno hongera mpaka likaanza kusikika kama lugha ya kigeni. Yeye ndiye aliyelia.

4 Oktoba

Akili yake hutembea kwa miguu, niliandika Julai. Imefika.

20 Oktoba

Maombi kumi na nne zaidi. Kampuni ndogo, za kati, moja ya kufilisi maduka ya samani. Zote zinauliza kwa nini nilihama. Jibu langu limeshakuwa fupi: "Kwa ajili ya fursa." Linawachekesha kidogo na linanichekesha mimi sana.

8 Novemba

Harrowgate wametoa kijitabu cha kuvutia wahamiaji wa mwakani. Ukurasa wa pili ni mimi, nimesimama kwenye nyasi zile ambazo hakuna anayezikanyaga. Chini wameandika: Kutoka wa kwanza Toledo hadi Harrowgate. Baba anataka nakala ishirini.

Maumee nako, Marvella ananiambia, picha yangu bado iko ukutani karibu na mashine ya kahawa: wa kwanza wetu, sasa Harrowgate. Vyuo viwili vinanitembeza kama ng'ombe wa maonyesho. Wa kunikamua hakuna.

Toledo, 25 Novemba

Nimekuja kwa Sikukuu ya Shukrani. Baba amenipokea stendi ya basi amevaa lile koti alilonunua la kuja kazini kwangu. Nikamwambia yote garini.

"Kwa hiyo yule mama muuguzi ndiye kaipata."

"Ndiye."

"Ni mtu mzuri yule," akasema. Kisha, baada ya taa nyekundu, "Watu wa boling sitawaambia mpaka Pasaka."

26 Novemba

Bata mzinga mkavu. Theluji ya kwanza, nyepesi.

27 Novemba

Ostrander alinipigia asubuhi. Hakuuliza habari za Chicago. Nadhani Marvella alishamweleza. Aliomba kitu kimoja. Ana mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Sunniva Baird, mwenye akili kuliko wote aliowahi kufundisha, hajafanya hata mtihani mmoja na tayari ameanza kujaza fomu za kuhamia Harrowgate. "Mimi hanisikii," akasema. "Njoo uzungumze naye wewe."

Nilikwenda. Chuo kilikuwa kitupu kwa sikukuu. Ostrander alikuwa na sweta lake, sasa likiwa limepata hali ya hewa yake, na alinisogezea kiti chake mwenyewe, yeye akaenda kusimama kwenye rafu ya vitabu. Hakunikumbusha chochote. Ningependelea anikumbushe.

Msichana akaingia. Miaka ishirini na tatu hivi, kidevu juu, macho yanayohesabu. Chini ya kwapa alikuwa na kile kijitabu.

"Karibu, kaa," nikamwambia.

"Nitasimama tu, dada. Nimeegesha gari vibaya."

Ostrander alianza kupanga vitabu vilivyokuwa vimepangwa.

Nikamweleza. Sikuficha wala sikupamba: mzee wa mabehewa, kiti kimoja, mstari wa alama, simu ya Haine, Marvella. Nilimwambia asubiri, afanye mtihani, awe wa kwanza, akae. Nilitumia maneno mazuri kuliko niliyotumia kwenye usaili wowote.

Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Ningeweza kusema mimi yaliyokuwa yakimpitia, moja baada ya jingine, kwa mpangilio. Huyu hapa ndani ya kijitabu anacheka kwenye nyasi. Huyu amerudi nyumbani, amekalia kiti cha profesa. Huyu ameitwa na wenye chuo anisemeshe. Huyu anataka niongeze usiku mmoja.

"Lakini Harrowgate wanachukuliwa kumi na tano," akasema, "na hapa mmoja."

"Ndiyo."

"Asante sana kwa muda wako, dada," akasema, akatabasamu, tabasamu ambalo nalijua kutoka ndani. Akatoka haraka, kama mwenye gari linalokaribia kuvutwa.

Nilikwenda dirishani. Theluji ilikuwa imefunika uwanja wote wa maegesho, nyeupe tupu, pasipo alama hata ya tairi. Baada ya muda akatokea chini, amefunga skafu, akavuka uwanja kwa miguu na kuelekea kituo cha basi.